Nataka mtu wa kumuuliza "kwa nini"

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama akili mnemba (AI) iwekewe sheria saa hii ama iachwe kwanza ikue. Mimi ni bodaboda hapa Mombasa, steji yangu iko Bamburi, miaka mitatu sasa nabeba vifurushi kupitia apu moja ambayo sitaitaja jina, na jibu langu linatoka kwa yale yaliyonipata asubuhi moja tu.

Kabla upewe kazi, ile apu inakuambia ujipige picha ya uso halafu inalinganisha na picha uliyosajiliwa nayo. Siku hiyo nilitoka kabla ya adhana ya alfajiri, stima ilikua imepotea mtaa mzima, nikajipiga gizani na simu yenye kioo cha kamera kilichopasuka. Ikakataa. Nikarudia ikakataa, mara ya tatu ikaandika akaunti imefungwa kwa kukiuka masharti, basi. Yaani iliamua ni mtu mwingine anatumia akaunti yangu. Na kweli wako watu wanaazimana akaunti, sikatai, lakini mimi sijawahi kumuazima mtu. Nikaandika kwa huduma kwa wateja, jibu likaja hata dakika haijaisha, nikaeleza tena kwa urefu nikarudishiwa maneno yale yale neno kwa neno. Nikaenda mpaka ofisini kwao, askari wa getini akaniambia mambo ya akaunti hayaongelewi hapa, ni huko huko ndani ya apu. Siku 12 sikubeba kifurushi hata kimoja, na pikipiki ni ya mkopo, shilingi 450 kila siku zinatakiwa, mvua jua.

Kufungiwa peke yake si kitu, nimeshafukuzwa kazi kabla ya hapo, lakini yule aliyenifukuza nilimuona uso, nikamuuliza bosi nimekosa nini akaniambia. Hapa hakuna wa kumuuliza. Hicho ndicho kiliniuma.

Binti wa shangazi yangu anasomea sheria, ndiye aliniambia, "Kaka, hii kitu iko kwenye sheria yetu tayari." Mimi nilidhani sheria za namna hii ni za Ulaya. Kumbe Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, na kifungu cha 35 kinasema una haki usiamuliwe jambo linalokuathiri sana na mashine peke yake, na kama mashine imeshaamua, kampuni inatakiwa ikujulishe kwa maandishi kwamba ni mashine iliamua, na wewe unaweza kudai waangalie upya ama watoe uamuzi mwingine ambao si wa mashine tupu. Iko hapo tangu 2019! Nimeuliza steji nzima, hakuna hata mmoja alikua ameisikia.

Na si ndoto ya makaratasi. Kule Uholanzi, mwezi wa nne 2023, mahakama ya rufaa ya Amsterdam iliwapa haki madereva wa Uber, kampuni ya teksi za apu, wengi wao wa Uingereza, waliofungiwa akaunti kwa tuhuma za udanganyifu. Kesi ilienda Amsterdam kwa sababu makao ya Uber ya nje ya Marekani yako huko. Kampuni ilijitetea kwamba wako wafanyakazi wake wanaopitia yale maamuzi, mahakama ikaona kazi ya hao watu haizidi sana kugonga muhuri juu ya kile mashine ishaamua. Hapo nilisoma mara mbili, manake hata mimi nikijibiwa na "mtu" anayenakili maneno ya mashine nitakua nimesaidika na nini?

Halafu mashine zenyewe za kusoma uso hazituoni sawa. 2018, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zilizokua sokoni za kutambua kama uso ni wa mwanamume ama mwanamke. Kwa wanaume weupe zilikosea chini ya asilimia 1, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kuna iliyokosea karibu asilimia 35. Ile iliyonifungia mimi sijui ilipimwa na nani, kwa nyuso za watu gani, na kifungu cha 35 hakimlazimishi mtu aniambie.

Kwa hivyo jibu langu ni ndio, iwekewe sheria, lakini inategemea inamshika nani. 2023 kulitokea pendekezo la mswada hapa Kenya ambalo lingetaka watu wa roboti na akili mnemba wawe na leseni, vijana wa teknolojia wakalipinga na mimi nawaunga mkono kabisa, kijana wa Kisauni anayejifunza kutengeneza programu kwa laptopu ya kuazima siye aliyenifungia akaunti. 2025 serikali ikatoa mkakati wa kitaifa wa akili mnemba wa mpaka 2030, sawa, lakini mkakati si sheria, huwezi kuubeba ukaenda nao kortini.

Ulaya wamefika mbali zaidi. 2024 walipitisha sheria ya kazi za apu, nchi zao zimepewa mpaka mwezi wa 12 mwaka 2026 kuiweka ndani ya sheria zao, na humo kumfungia mtu akaunti lazima kuamuliwe na binadamu, na uandikiwe sababu. Hiyo nataka ije hapa kama ilivyo. Kwetu kifungu cha 35 kina mlango wa nyuma, haki ile haikuhusu kama uamuzi ni wa lazima kwa ajili ya mkataba ama kama ulikubali mwenyewe, na nani kati yetu alisoma yale masharti kabla ya kubonyeza "nakubali"? Huo mlango ufungwe kwa kazi ambazo mtu analishia watoto.

Mimi niliandika barua kwa kampuni ya ile apu, ukurasa mmoja, nikataja kifungu, nikasema jibu lisipokuja naenda kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo. Siku ya tatu nikapigiwa simu na mwanamke, mtu kabisa, akaniomba picha nyingine ya mchana, jioni akaunti ikafunguka. Zile siku 12 hakuna aliyenilipa. Barua yenyewe nimetoa kopi 20, ziko kwa mwenyekiti wa steji, na mwenzetu mmoja aliyefungiwa wiki jana ameshapeleka yake, bado tunangoja wampigie.