Mtoto kapona kwa wiki nne, baba yake bado: mfupa unaunga vipi?

SWALI: Daktari, assalaam alaykum. Msimu huu wa karafuu nyumbani kwetu Konde, Pemba, wamevunjika wawili. Bwana alikuwa juu ya mkarafuu, tawi likamkatikia, akavunjika muundi. Wiki ile ile mwanangu wa miaka minane akaanguka kwenye mwembe, akavunjika mkono, juu kidogo ya kifundo. Mtoto alifungwa hogo wiki nne, limetolewa na sasa anacheza, lakini mkono una nundu na umepinda kidogo. Bibi yake anataka apelekwe akachuliwe ili unyooke. Bwana yuko wiki ya kumi, na kwenye picha ufa bado unaonekana. Supu ya kongoro anakunywa kila siku. Tumekosea wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu, na poleni sana. Kwa ulivyoeleza, sioni mlipokosea.

Nianze na nundu, maana ndiyo inayowakimbiza wengi kwa wachuaji. Mfupa ukivunjika, mishipa ya damu iliyomo ndani yake hukatika pia. Damu hujaa penye ufa na kuganda, pakavimba, na mwili ukaanza kuondoa vipande vilivyokufa. Katika wiki mbili tatu za mwanzo, seli hutandaza nyuzi za kolajeni, ambayo ni protini ngumu kama kamba, na gegedu, ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikio, kuzunguka pale palipokatika. Nyumba ya udongo unaijua inavyojengwa: fito zikishafungwa kamba nyumba imesimama, lakini ukiisukuma inayumba. Mfupa uko hivyo hivyo wakati huo. Eksirei haioni kitu cha maana, kwa sababu kinachoonekana kwenye picha ni madini, nayo hayajatiwa.

Kisha mwili unakandika, kwa kalsiamu na fosfeti. Tena unakandika kwa wingi kuliko inavyohitajika, hasa upande wa nje, kwa kuwa kitu kinene hakipindiki upesi. Hiyo ndiyo nundu ya mwanao. Ni dawa, si ugonjwa.

Baadaye huja kazi ya kuchonga. Kuna seli zinazobomoa mfupa kwa tindikali, na nyuma yake zinafuata zinazojenga upya. Hazingoji mtu avunjike: mtu mzima hubadilishiwa kama asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka bila kujua. Mjerumani mmoja, Julius Wolff, alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba. Penye kazi huongezwa, pasipo na kazi hupunguzwa. Kwa hiyo nundu itapungua taratibu kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka.

Na huko kupinda? Hapa mtoto ana kitu ambacho baba yake hana tena. Karibu na ncha za mifupa yake mna bamba la gegedu linalourefusha mfupa, nalo hugeuka mfupa mtupu anapomaliza kubaleghe. Bamba lililo karibu na kifundo cha mkono ndilo linaloleta takriban robo tatu ya urefu wa mfupa wa upande wa dole gumba. Mfupa ukiunga umeinama kidogo, bamba hilo hukua kwa namna ya kuurudisha. Pindo dogo mahali pale, kwa mtoto wa miaka minane, kwa kawaida hunyooka lenyewe.

Lisilojirekebisha vizuri ni msokoto, yaani kipande kimoja kuzunguka juu ya kingine. Mpime hivi: abane viwiko vyote viwili mbavuni, ageuze viganja juu kama anayeomba dua, kisha avigeuze chini kama anayetaka kusujudu. Linganisha kulia na kushoto. Ugumu kidogo baada ya kutolewa hogo ni wa kawaida. Ukipita mwezi na kiganja kimoja bado kinakwama, mrudisheni hospitali.

Kumchua, hapana. Mwambie bibi kwa adabu, lakini mwambie. Kuunyoosha kwa nguvu mfupa ambao haujakomaa ni kuuvunja upya, na kuchua kwa nguvu jirani na jeraha kunaweza kuiotesha nyama chembe za mfupa, hasa kiwikoni. Fundi anayefunga mabanzi ya kubana namuogopa zaidi: damu ikizuiwa, vidole hupauka na kufa ganzi, na mkono unaweza kupotea. Nimeona.

Sasa bwana. Muundi ni mfupa mvivu kuunga. Upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama ya kuupelekea damu, na kipande cha chini ndicho kibaya zaidi. Mtu mzima huhitaji miezi mitatu hadi mitano, na ufa kuonekana kwenye picha wiki ya kumi haunishangazi. Tunaanza kusema mfupa umegoma miezi sita hadi tisa ikipita bila kuunga kwake kusonga mbele. Kama anavuta sigara, leo ndiyo siku ya kuacha. Hakuna kitu cha nyumbani kinachochelewesha mfupa kama hicho. Sukari isiyodhibitiwa nayo huchelewesha. Na kama daktari wake amemruhusu kuukanyagia mguu, aukanyagie, asiubembeleze. Mfupa usiopewa mzigo haujui ujijenge wapi.

Supu ya kongoro anywe kama inampendeza, lakini kalsiamu iliyomo kwenye mchuzi ule ni kidogo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana nyingi kuliko hiyo, na wanapatikana sokoni kwenu. Akae pia juani kidogo, maana jua huusaidia mwili kuitumia kalsiamu hiyo.

Anapokwenda kupiga picha ijayo, achukue na ile ya kwanza. Picha moja peke yake hainiambii kama kuunga kwa mfupa kunasonga mbele.