Kabla ya kukata rufaa, hesabu "wali-" ngapi ziko kwenye hukumu

Mdogo wangu alipohukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, mama alikaa kwenye ngazi za mahakama akagoma kunyanyuka. Karani mmoja, mama mtu mzima, aliinama akaniuliza taratibu: "Mwanangu, kijana amesema anakata rufaa? Aseme leo. Siku zimeshaanza kuhesabika." Nami naanzia hapohapo.

Hapa Tanzania, kesi ikiwa imeamuliwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kusudio la kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu. Hati yenyewe ya rufaa inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, haumo kwenye hizo 45, ila ni lazima uweze kuuthibitisha. Andika barua ya kuomba nakala, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Aliyeko gerezani hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Na tafadhali, kaeni mbali na vishoka wanaozunguka nje ya mahakama. Sisi mmoja alitula laki mbili na hakuandika hata mstari.

Sasa kesi yenyewe. Mdogo wangu ni bodaboda wa Mbagala. Walishtakiwa wanne kwa kuvamia duka, yeye akiwa mshtakiwa wa nne, na hakuna shahidi aliyemwona yeye mle dukani. Pikipiki yake ilionekana jirani usiku ule, simu yake na ya mshtakiwa wa kwanza zilipigiana mara tatu, na polisi walipofika kijiweni alikimbia. Basi. Ushahidi wa mazingira wa namna hii, yaani wa kuunganisha dalili bila aliyeshuhudia tendo lenyewe, ukiunganishwa na nia ya pamoja, ile ambayo mawakili wamezoea kuiita kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu, mtu anabeba kosa la kundi zima.

Msidanganyike kwamba ushahidi wa mazingira ni mwepesi. Wafungwa wengi huandika "hakuna aliyeniona" wakaishia hapo, na rufaa inatupwa. Mtu anaweza kufungwa kihalali kwa ushahidi huo peke yake, hata kwa mauaji. Kinachotakiwa, na mahakama zetu zinairudia kesi ya Simon Musoke ya mwaka 1958 mpaka leo, ni kwamba yale yaliyothibitishwa yasiweze kuelezeka kwa namna nyingine yoyote yenye mantiki isipokuwa kwamba mshtakiwa ana hatia. Pakiwa na maelezo mengine ya kweli, mnyororo umekatika.

Nakala zilipotoka nilikaa nazo usiku mzima na kalamu nyekundu. Hukumu ilikuwa ya Kiswahili. Nikapigia mstari kila "wali-": walipanga, walifika, walivunja, walimtishia, waligawana. Ukurasa wa tisa peke yake zilikuwa kumi na nne. Kisha nikatafuta "ali-" ya mdogo wangu, iliyotoka kinywani mwa shahidi. Nilipata tatu tu: aliegesha, alipigiwa, alikimbia. Hapo ndipo nililia.

Wakili aliyetusaidia alizishika hizo tatu, moja baada ya nyingine. Rekodi za simu zinaonyesha nani alimpigia nani, hazisemi waliongea nini, na mshtakiwa wa kwanza alikuwa mteja wake wa kila siku. Kuhusu kuegesha, shahidi wa tatu wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, mwenyewe, alipohojiwa, alikiri kwamba pale ni kijiwe. Na kukimbia? Wiki ile kulikuwa na msako wa bodaboda wasio na leseni, naye hakuwa nayo. Alilisema hilo kwenye utetezi wake, likaandikwa, hakimu hakuligusa kabisa katika hukumu. Sababu kama hiyo ina uzito, kwa kuwa rufaa ya kwanza ni kama kuusikiliza ushahidi upya: Mahakama Kuu inaweza kuupima wote yenyewe.

Angalieni pia waliyosema wenzake. Ungamo la mshtakiwa mwenza haliwezi kuwa msingi pekee wa kumtia mtu hatiani. Na mali ya wizi ikikutwa, someni imekutwa kwa nani. Simu za dukani zilikutwa kwa mshtakiwa wa pili, lakini hukumu inasema "walikutwa nazo".

Jambo lililotugharimu maneno na familia nyingine ni hili: wenzake walitaka hati moja ya rufaa kwa wote wanne, tuchangie gharama. Nilikataa. Sababu za rufaa zake zilipaswa kusema juu yake. Ungeandika "warufani hawakutambuliwa", yaani wakata rufaa wote kwa mkupuo, ungemrudisha kwenye kundi kwa mkono wako mwenyewe.

Jueni pia kwamba rufaa ina hatari zake. Mahakama inaweza kuongeza adhabu, au kuamuru kesi isikilizwe upya kama mwenendo ulikuwa na kasoro. Mkishindwa, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30, na huko hoja ziwe za kisheria.

Rufaa zote zilisikilizwa pamoja. Jaji alisema mrufani wa nne aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali, na mama akanishika mkono akaniuliza wa nne ni nani.