Zima Kwanza Taa ya Darini

Halloween, sikukuu ya mavazi na mapambo ya kutisha, ni tarehe 31 Oktoba, na karibu barua zote za wasomaji safari hii zinauliza kinunuliwe nini kwa ajili ya sherehe ya nyumbani. Hakuna aliyeuliza kizimwe nini.

Nina balbu nane sebuleni: nyekundu, kijani, bluu, zambarau. Bado panaonekana kama ukumbi wa harusi. Niongeze ngapi?

Usiongeze hata moja. Nuru nyekundu, ya kijani na ya bluu zikikutana ukutani zinarudi kuwa nyeupe, ndiyo maana umepata sebule ileile ya kila siku. Chagua rangi mbili, basi. Kisha zima taa ya darini, maana hiyo ndiyo inayoua sherehe nyingi kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Macho yetu yamezoea nuru inayotoka juu, kama ya jua. Ikitoka chini, vivuli vya pua na nyusi vinapanda badala ya kushuka, na uso wa mtu unayemjua unageuka wa mtu mwingine.

Kinachotisha ni kivuli, si rangi. Jaribu leo usiku: simamisha tawi kavu kwenye chungu, weka tochi ndogo sakafuni mbele yake, uisogeze taratibu kuelekea tawi. Vitawi vyembamba kama njiti vitanenepa ukutani mpaka viguse dari, na ukikitikisa chungu kidogo tu, ukuta mzima unacheza. Tumia taa ambayo nuru yake inatoka kwenye kitone kimoja. Balbu pana yenye kioo cheupe cha ukungu hulainisha kingo za kivuli hadi kikafifia.

Naweza kufunika balbu kwa kitambaa chekundu?

Hapana. Nimelijibu swali hili kila mwaka na bado linarudi. Balbu ya zamani ya waya hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kuwa joto, na kitambaa chako kimelala juu ya joto hilo. Karatasi nayo ni hapana. Nunua balbu ya LED iliyo nyekundu tangu kiwandani.

Kwa maboga ya kuchongwa sura na kutiwa nuru ndani, si mshumaa halisi ndio wenye uhai zaidi?

Una uhai, sibishi. Desturi yenyewe ilianza kwa moto: huko Ireland na Uskoti watu walichonga tanipu, mboga ya mzizi, na wahamiaji walipofika Marekani wakakuta boga ni kubwa na laini zaidi kuchonga. Lakini fikiria wageni wako watavaa nini. Mabawa ya kitambaa chepesi, mikono mipana, manyoya ya bandia, na vinyago vinavyoziba macho pembeni. Mtoto anainama kuchungulia boga lililo sakafuni, na shuka lake la mzimu linatangulia mbele yake. Mimi siruhusu mwali wa moto mahali penye watoto waliovaa hivyo, na wewe usiruhusu.

Weka mshumaa wa betri. Chagua wa rangi ya joto, karibu na kelvini 2,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya nuru: namba ikipanda, nuru inakuwa ya baridi zaidi), kwa kuwa mwali wa kweli uko karibu na 1,900. Nyeupe ya kelvini 6,000 inalitia boga nuru ya friji iliyoachwa wazi. Halafu toboa tundu kubwa nyuma ya boga na ulisogeze karibu na ukuta. Nuru itapenya nyuma na kuchora duara la dhahabu ukutani, na boga litaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Taa yangu ya UV (urujuanimno, nuru isiyoonekana inayofanya vitu fulani ving'ae) inatoa zambarau tu, hakuna kinachong'aa.

Soma maandishi ya kwenye taa. Nyingi za bei rahisi ni za nanomita 395 hadi 400 (ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la nuru), na hizo zinamwaga zambarau nyingi inayofunika mng'ao. Ya 365 ni bora. Zima taa nyingine, kisha weka shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, au glasi ya maji ya toniki: kwinini iliyomo itang'aa bluu. Usiikodolee macho taa yenyewe.

Nataka taa za kuwakawaka kama radi, usiku kucha.

Usiku kucha, hapana. Watu wapatao 3 kati ya kila 100 wenye kifafa wanaweza kushikwa nacho kwa mwako wa aina hiyo, hasa wa mara 3 hadi 30 kwa sekunde. Waulize wageni kabla. Isitoshe, radi haiwaki kwa mpigo sawa: mwako mmoja au miwili, kisha giza refu.

Mashine ya moshi inawasha king'ora. Nitoe betri?

Usithubutu. Acha moshi, king'ora kibaki.

Ngazi na korido niziache giza totoro?

Ngazi, kamwe, bandika utepe wa taa kwenye ukingo wa kila kidato. Korido iwe hafifu, kwa sababu jicho linalotoka kwenye mwanga mkali linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Mpokee mgeni mlangoni kwenye nuru ndogo nyekundu, mcheleweshe hapo kwa maongezi na kinywaji, kisha ndipo umfungulie sebule.