Kabla ya mashine, tafuta penseli

Juzi kijana mmoja wa Lubumbashi aliniandikia: “Kaka, nataka kutengeneza vialama vya vinasaba vya samaki wanaowinda samaki wengine. Nianze na mashine gani?” Vialama hivyo ni sehemu za DNA zinazotofautisha samaki na samaki. Swali hilo limegusa pale panaponiuma.

Mimi pia nilianza na mashine. Hapa Bukavu niliota PCR, mashine ya kunakili DNA, usiku na mchana, huku safari za ziwani nikiziona kazi ya kibarua. Nilishuka Uvira mara tatu na Kalemie mara moja kuchukua mikebuka, Lates stappersii, samaki anayewinda ndagala (dagaa) katika ziwa Tanganyika. Alfajiri mitumbwi ikifika, wamama wauzaji wanavuta mabeseni, na wewe una dakika chache za kukata kipande cha pezi, ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho, na kukitumbukiza kichupani. Lebo za ndani niliandika kwa biki. Alkoholi niliongeza maji ili itoshe.

Siku ya kufungua sanduku, alkoholi ilikuwa imeyeyusha wino: vichupa vya bluu, karatasi nyeupe kabisa. Samaki 110, na sikujua yupi wa Uvira, yupi wa Kalemie! DNA nayo ilikuwa imekatikakatika: kwenye jeli ya kupimia DNA, badala ya mstari mnene juu, iliteremka kama moshi. Aliyeniongoza alisema mbele ya wenzangu kwamba watu wa huku hawawezi kazi safi. Maneno hayo bado nayasikia.

Nilirudi ziwani. Etanoli ya asilimia 95, bila kuongeza tone la maji, na kesho yake naibadilisha kwa sababu nyama yenyewe hutoa maji. Lebo kwa penseli. Mwezi uliopita nimepata vialama 9 vinavyosomeka vizuri, vya aina ya mikrosatelaiti, na ninajivunia kila kimoja. Ni sehemu ambazo herufi mbili hadi sita za DNA zinarudiwarudiwa, CACACACA, na idadi ya marudio hutofautiana kutoka samaki hadi samaki. Kwa hizo unaweza kuuliza kama mikebuka wa kaskazini na wa kusini ni ukoo mmoja. Ziwa lina zaidi ya kilomita 600 na nchi nne zinalivua. Kama ni ukoo mmoja, nyavu za wengine zinatuhusu.

Kijana wangu, usiwe na haraka hata kwenye majibu. Kila samaki ana nakala mbili za kila sehemu, ya baba na ya mama. Ukiona samaki wengi mno wenye nakala za aina moja tu, usiandike upesi kwamba wanazaliana ndugu kwa ndugu. Huenda badiliko dogo pale praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kunakili) inaposhikia limeificha nakala ya pili. Tengeneza praima nyingine, jaribu tena. Heshimu mvuvi, muulize alitega wapi, andika hapohapo. Na andika kwa penseli, narudia.

Bei za mashine nitakutumia. Kwanza nitumie picha ya vichupa vyako.