Kabla hujamwambia mzee "jy"

Jana ghalani nimemsikia kijana wetu mmoja, ana wiki mbili tu hapa Paarl, Afrika Kusini, akimwambia msimamizi mwenye mvi kichwa kizima kwa Kiafrikana: "Jy moet wag" (wewe, lazima usubiri). Nikajibanza nyuma ya makreti ya zabibu. Haya, wageni, sogeeni.

1. Nie, yaani "si", ni mbili. Ek praat nie Afrikaans nie (sisemi Kiafrikana). Ukiimeza ya mwisho, watu wanabaki wanakutazama, wanadhani hujamaliza.

2. Vitenzi: ek is, jy is, ons is (mimi ni, wewe ni, sisi ni). Basi. Mtu aliyekua na ngeli na viambishi analalamika nini?

3. Jy. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Kitabu kilisema jy ni wewe, nami nikaifanyia mazoezi sentensi yangu mbele ya kioo, kisha nikaingia jikoni kifua mbele: "Wil jy koffie hê?" (Wewe unataka kahawa?) Kijiko kikatua mezani. Mjukuu wake akainamia viatu vyake. Bibi akasema taratibu: "Ek is nie jou maatjie nie." Mimi, kwa furaha ya kuzidaka nie zote mbili, nikajibu: "Dankie!" (Asante!)

Siku tatu hakunisemesha. Mjukuu ndiye aliyenitafsiria: mimi si rika lako. Mkubwa haambiwi jy, unarudia cheo chake, Tannie (shangazi) au Oom (mjomba): Wil Tannie koffie hê? Hata mara mbili mfululizo: Het Tannie Tannie se pille gedrink? (Tannie amekunywa vidonge vya Tannie?) U, wewe ya heshima, ipo, lakini ni ya barua za benki na sala. Na mimi ni mtoto wa Tanga, sijawahi kumpita mzee bila shikamoo! Wewe ya kwetu ningeithubutu kwa nani?

4. Nou-nou (sasa-sasa) si sasa, ni baadaye kidogo. Net-nou (sasa tu) ndiyo si sasa kabisa. Fundi wa friji aliniambia net-nou asubuhi. Usiku nilikuwa nagawa samaki kwa majirani.

5. Msiseme ni lugha ya Wazungu tu. Baie (sana, nyingi) imetoka kwenye banyak ya Kimalay, na karne ya 19 Waislamu wa Cape Town waliiandika kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu Kiswahili chao. Ila ukienda Soweto, kule Johannesburg, usimwanzie mtu mzima kwa lugha hii. Wanafunzi walipigwa risasi mwaka 1976 wakikataa kufundishwa kwayo.

Na wewe kijana wa jana, kampelekee Oom kahawa. Sukari vijiko viwili.