Walowezi wa magharibi ya Marekani walikuwa wanalima saa ngapi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi ni mpenzi wa muvi za kauboi, lakini humo ni farasi na risasi tu mwanzo mwisho. Sasa wale walowezi wa kwanza walikuwa wanalima saa ngapi? Na ni kweli serikali iliwagawia ardhi bure?

JIBU: Marahaba. Hizo muvi achana nazo kwanza, maana mlowezi wa majimbo kama Nebraska au Kansas siku yake iliishia kwenye kuteka maji na kupasua ardhi kwa plau, bunduki ni ya kuwindia kitoweo tu.

Ardhi ilitolewa kwa sheria ya Homestead, Rais Lincoln aliisaini mwaka 1862. Unapewa ekari 160, ada zote kama dola 18, ila lazima uishi hapo miaka 5, ujenge na ulime ndo upewe hati. Hata mwanamke mjane au asiyeolewa aliruhusiwa kuomba. Sasa hiyo bure ni bure ya mdomoni, kwa sababu ng'ombe wa kulimia, plau, mbegu na kisima ni juu yako, wengi waliingia madeni wakaondoka kabla ya hiyo hati.

Kwenye nyumba ndo kuna vituko. Mbuga ile haina miti, kwa hiyo wanakata udongo pamoja na majani na mizizi yake vipande vipande, wanapanga kama matofali, majani yakiangalia chini. Wakati wa baridi ndani kuna joto safi tu, ila mvua ikinyesha paa linavuja matope mpaka mama anapika huku kashikiwa mwamvuli, na nyoka kudondoka kutoka darini ilikuwa kawaida, ndo maana walitandaza kitambaa chini ya paa. Kuni hakuna, wanawasha mavi makavu ya nyati na baadaye ya ng'ombe. Mwaka 1874 wakaja nzige, wakamaliza mazao, wakatafuna mpaka nguo na mipini ya majembe!

Na hiyo ardhi haikuwa tupu jamani. Nebraska ilikuwa na Wapawnee, kabila la wenyeji wa asili, miaka hiyohiyo ya 1870 wakahamishiwa huko ambako leo ni Oklahoma. Hilo kwenye muvi zako utalisubiri sana, sawa na kijiji cha Nicodemus kule Kansas, kilichoanzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka utumwani, na mpaka leo kipo.