Bugaluu ni neno la wapi?

Swali: Katika picha ya mwaka 1974 baba yangu amevaa suruali iliyobana mapajani na kutanuka miguuni. Mwenyewe anaiita bugaluu. Neno hili limetoka wapi? Na ni kweli suruali hizo zilipigwa marufuku na Operesheni Vijana?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Asili yake ni boogaloo, jina la muziki na dansi vilivyovuma Marekani katikati ya miaka ya 1960. Mjini New York, vijana wenye asili ya Puerto Rico walichanganya midundo ya Kikuba, hasa ule uitwao "mambo", na muziki wa soul wa majirani zao Weusi, wakawa wanaimba Kihispania na Kiingereza humo humo. Kufikia 1970 moto wake ulikuwa umezimika na salsa imeshika nafasi. Jina lilidumu kuliko muziki: huku kwetu likaganda kwenye suruali za vijana wa dansi. Fasheni iliyokuwa inakufa ikaiachia jina lake fasheni iliyokuwa inazaliwa.

Suruali yenyewe ina umri mkubwa kuliko jina. Mabaharia wa karne ya 19 waliivaa kazini, kwa kuwa mguu mpana hukunjika kirahisi hadi juu ya goti mtu anaposugua sitaha.

Kuhusu marufuku, wengi huchanganya. Azimio la Umoja wa Vijana wa TANU lilipitishwa Oktoba 1968, na operesheni ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Ililenga vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za *kubana*. Bugaluu zilitamba baadaye, katika miaka ya 1970, pamoja na viatu vya soli nene vilivyoitwa raizoni.

Hapo kuna jambo la lugha linalotufurahisha sana. Neno *mini* lilipoingia Kiswahili lilivishwa ki-, kiambishi chetu cha vitu vidogo, likawa kimini, wingi vimini. Udogo ukatajwa mara mbili, na neno likakaa kama mwenyeji. Bugaluu haikuvishwa kitu: bugaluu hii, bugaluu hizi. Vijana wa leo wanaijua kimini bila kuelezwa. Bugaluu wanaisikia kwa wazee.

Swali: Niseme fasheni au mtindo?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Yote mawili ni sahihi, ila hayabebi uzito mmoja. Mtindo ni namna ya kufanya jambo, na namna inaweza kudumu: mtindo wa maisha, mtindo wa uandishi. Bendi zetu za dansi zililitumia kwa maana hiyo, kila moja na mtindo wake. Sikinde ya Mlimani Park ingali inatajwa. Fasheni ina saa ndani yake: huingia, hushika, hupita. Tumelipata kutoka Kiingereza, nacho kililitoa Kifaransa, *façon*, ambalo mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kutengeneza. Kwa hiyo "mtindo huu umekuwa fasheni" ni sentensi timamu: namna ya kushona sasa inavaliwa na kila mtu.

Swali: Nimeletewa oda ya bugaluu za sherehe. Nikishona, mguu unajisokota. Nakosea wapi?
*Fundi cherehani, Mwanza*

Jibu: Bila shaka unaongeza upana wote kwenye mshono wa nje. Mguu mmoja una vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na kila kipande kina kingo mbili. Nyongeza igawanywe kwenye kingo zote nne. Tuseme goti ni inchi 18 na mzunguko wa chini ni inchi 26. Tofauti ni 8, kwa hiyo kila ukingo utanuke inchi 2. Anza kutanua gotini au inchi 2 juu yake. Ukianza chini zaidi unapata umbo la tarumbeta, si bugaluu. Uzi wa kitambaa ushuke wima katikati ya kila kipande; ukienda mshazari, mguu utasokota hata kama vipimo ni sawa.

Kitambaa kiwe kizito: kodrai, jinzi au kadeti. Chepesi hunyong'onyea na kujikunja kati ya miguu.

Pindo ndilo linaloharibu kazi nyingi. Mguu unapanuka kuelekea chini, kwa hiyo ukikunja kwenda juu, ukingo wa pindo unakuwa mpana kuliko pale unapoushonea, na makunyanzi yanatokea. Dawa yake: chini ya mstari wa pindo, kata kurudi ndani kwa mshazari ule ule uliokuja nao. Ukikunja, kingo zitalingana.

Kama mteja ameleta suruali ya kawaida, fumua mishono yote miwili kuanzia chini hadi gotini, halafu tia kipande cha pembetatu kila upande. Kwa nyongeza ile ile ya inchi 8, kila pembetatu iwe na kitako cha inchi 5: inchi 4 za upana, na nusu inchi ya mshono kila upande. Shona kutoka chini kwenda kwenye ncha, simamisha sindano hapo hapo kwenye ncha, kisha anza upande wa pili upya kutoka chini. Ukizungusha moja kwa moja, ncha hukunja.

Urefu pima mteja akiwa na viatu atakavyovaa siku hiyo. Nyuma ibaki nusu inchi kutoka sakafuni.